Nukta Mbili za Ziada

Jumatano, Ibra. Soko la wanawake limekwisha kufungwa,
harufu ya ubani na vitambaa vipya imebaki mlangoni.
Sisi tumo chumba cha nyuma, kiyoyozi kinapiga chafya,
wanakisomo kumi na mmoja, mdogo wao ana hamsini na sita.

Kazi yangu ni kugawa kalamu.
Si kalamu za dukani: hizi zina jicho tumboni,
zinahesabu wino unapotua
na unapoinuka, na umeinuka kwa muda gani.
Dokta Raqiya anasema kuandika hakumo katika herufi,
kumo katika vituo baina ya herufi.
Mtoto husita kila silabi, aliyebobea husita kila wazo,
na mtu mzima anayeanza? Hilo hatulijui,
ndilo tulilopewa pesa tulijue kabla ya Juni.

Bi Zeyana binti Khalfan, namba saba.
Miaka arubaini sahihi yake ilikuwa dole gumba:
benki, hospitali, pasipoti, hati ya nyumba.
"Dole hili," aliniambia, "limekula wino kuliko wali."

Swali la leo: andika ulikozaliwa,
kwa lugha yoyote, maadamu herufi ni hizi tulizosoma.
Wenziwe wakaandika Ibra, Sinaw, Mudhaibi,
wakafungua chupa za kahawa.
Yeye akaandika *Nilizaliwa*,
polepole, kama anayepanga vikombe vya mgeni,
kisha akasita.
Kwenye kioo changu mstari ukalala bapa.
Sekunde kumi. Ishirini.
Nikadhani kasahau. Nikadhani, Mungu anisamehe, analia.
Thelathini na nne.
Ndipo akaandika ba, na nukta yake moja chini,
kama walivyofundishwa Septemba,
akaitazama,
akaongeza nukta. Akaongeza nyingine.

"Bi Zeyana, ba ina nukta moja."
"Najua, mwanangu. Lakini mimi sikuzaliwa Bemba.
Bemba hakuzaliwa mtu.
Nimeitafuta herufi yangu humu mlimotupa, haimo.
Basi nimeazima ba, nikamtia shanga."

Hakuna aliyemwonyesha.
Wapo waliofanya hivyo zamani, kwenye barua za mahari na madeni,
ila yeye hakuwahi kuziona.
Kafika mwenyewe, kwa miguu.

Jedwali letu lina safu za makosa:
herufi imeachwa, herufi imegeuzwa, nukta imesahauliwa.
Nukta iliyozidi: kosa, daraja la pili.
Kusita kupita sekunde thelathini: udhaifu wa kumbukumbu.
Usiku nikakaa niingize namba saba.
Alama moja tu, kasha moja, twende kwa namba nane.
Mkono ukagoma.
Nikafungua sehemu ya maelezo, ile isiyojazwa na mtu.
Nina shahada mbili. Kiarabu changu kinaingia gazetini.
Kiswahili cha mama nimekisema tu, jikoni na kwenye simu,
sijapata kukiandika hata salamu.
Nikaweka kidole. Nikainua.
Nikaweka tena.
Hakuna aliyekuwa akinihesabia.

Wiki iliyofuata Bi Zeyana hakuja na daftari.
Alinipitisha sokoni kwanza, kwenye meza ya Khadduma muuza leso,
anionyeshe risiti kuukuu aliyoibandika pale,
upande wa nyuma umejaa mwandiko uliopinda kama njia ya mbuzi:

*Pesa zangu riali mbili. Usinipe pole, nipe pesa.*

Khadduma, naye wa kwetu, aliisoma kwa sauti,
akacheka mpaka akashika meza,
akalipa moja.

Nukta kumi na tano chini ya ba zile tano.
Kalamu ilikuwa ya dukani, haina jicho.
Nilizihesabu kwa kidole.